Kumkalisha Mbeba Kiti

Katika kazi ya katuni kuna watu wa mwanzo, watu wa mwisho, na watu wa katikati. Mchoraji mkuu humchora mtu amesimama mlangoni, kisha humchora akiwa ameshafika dirishani, anaweka penseli chini na kwenda zake kunywa chai. Ile safari yote ya kutoka mlangoni hadi dirishani, kila hatua, kila bega linavyopanda na kushuka, inamngoja mtu mwingine. Huyo hasifiwi, na watazamaji hawajui hata kama yupo. Lakini bila yeye, mtu wa mlangoni angefika dirishani jinsi mzimu unavyofika: yuko hapa, halafu yuko pale.

Mwanamke ninayetaka kuwasimulia aliifanya kazi hiyo maisha yake yote. Wenzake walimwita Katikati, na jina alilopewa na wazazi likabaki kinywani mwa shangazi yake peke yake, tena siku za hasira. Hata maneno aliyapokea kwa mtindo wa kazi yake. Ukimwambia kwamba fulani ameoa, na mwaka huu ameachwa, hakuuliza nani mkosaji. Aliinamisha shingo kidogo upande wa kushoto akasema, "Na katikati?"

Chumba chao cha kazi kilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Meza yake ilikuwa na kioo, na chini ya kioo taa. Aliweka karatasi ya mwanzo, juu yake karatasi ya mwisho, juu yake karatasi tupu, na kwa mwanga ule aliziona zote kwa pamoja. Kazi yake ilikuwa kupitisha mstari kati ya mistari miwili. Kisha alizishika karatasi kwa vidole na kuzipekua upesi, na kitu kilichokuwa kimelala kikaamka kikatembea. Wageni wakionyeshwa walicheka kwa furaha. Yeye hakucheka. Alisema kila anapopekua huona kama anamwamsha mtu bila kumwomba radhi.

Kazi hii aliirithi. Baba yake, Mzee, alichora katuni zama zile runinga ilikuwa moja kwa mtaa mzima na watoto waliitazama wakiwa wamening'inia madirishani kwa watu. Ndiye aliyemzaa Mbeba Kiti. Kama hukumwona, nikueleze: kijitu kifupi, kofia imemfunika uso hadi kidevuni, kichwani amebeba kiti cha mbao ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya. Anatafuta pa kukaa, hana shida nyingine duniani. Akikitua kiti kivulini, kivuli kinahama. Akikitua kando ya ukuta, ukuta unageuka kuwa ubavu wa lori, nalo linaondoka. Kila mara anashusha pumzi, anajitwika kiti chake, anaendelea na njia. Watoto walicheka mpaka machozi, halafu runinga ikizimwa, walilala wakijiuliza sasa hivi yuko wapi.

Hakukaa hata siku moja. Watu walimwuliza Mzee atakaa lini, naye akajibu, "Akikaa yeye, mimi nitafanya nini?" Wakacheka, wakadhani ni utani. Lakini hata katika kadi ya harusi ya rafiki yake, alipoombwa amchore Mbeba Kiti ameketi karamuni, alikataa.

Tena kuna jambo ambalo nyumbani waliliona la kawaida, kama mtu anavyozoea bomba linalovuja: Mzee mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa. Alichora wima, alikula wima ameegemea dirisha. Usiku alilala kama watu wengine, lakini kutoka kitandani alikwenda moja kwa moja dirishani. Shangazi, mdogo wake waliyeishi naye, alizoea kusema, "Kaka yangu alizaliwa siku ambayo viti vilikuwa vimekwisha."

Filamu za Mbeba Kiti ziliozea katika ghala lenye unyevu, akabaki vichwani mwa watu waliowahi kuwa watoto.

Mmoja wao alikuwa mwongozaji wa kipindi ambacho Katikati alikichorea. Kilikuwa kichekesho cha katuni cha kila wiki, kuhusu familia inayogombana sebuleni: baba mkaidi, mama mwenye majibu, bibi anayejifanya hasikii, na watoto wasiokua mwaka nenda mwaka rudi. Mwongozaji alikuwa na desturi moja ambayo pale kazini waliiita salamu. Katika kila kipindi, mahali fulani, alipenyeza kitu kutoka katuni za zamani. Baba mkaidi akifukuzwa na mbwa, hupita mbele ya kabati lilelile na saa ileile mara nyingi, kama nyumba yake haina mwisho, kwa sababu wachoraji wa zamani walikuwa na ukuta mmoja tu na waliuzungusha. Bibi akikanyaga hewani nje ya kibaraza, hatumbukii mpaka atazame chini. Taa zikizimika, yanabaki macho meupe mawili yakipepesa gizani. Vijana waliviona ni vichekesho. Wazazi wao waliokaa nyuma walitabasamu kwa namna nyingine, kama mtu aliyepungiwa mkono na jamaa katikati ya umati.

"Katuni isiyowasalimia wazee wake ni yatima," mwongozaji alipenda kusema. Baada ya kila kipindi watu walipigiana simu kuulizana nani ameiona salamu.

Sasa siku moja alimjia Katikati mezani, ameshika karatasi mbili kwa mikono yote miwili. Alitaka kumsalimia Mbeba Kiti. Ataingia sebuleni kwa ile familia akiwa amejitwika kiti, atakitua na, baada ya miaka yote hiyo, atakaa. Halafu kiti kitavunjika, naye ataanguka chali miguu juu, kama walivyoanguka wote waliomtangulia. Mwanzo alikuwa ameshauchora: Mbeba Kiti amesimama. Mwisho wa kukaa alikuwa ameshauchora pia, na ulikuwa mzuri, mgongo umetulia, mikono magotini. Kuanguka angekuchora baadaye.

Katikati alisema lazima Mzee aulizwe kwanza. Mwongozaji, mtu wa adabu, alikwenda mwenyewe na tunda mkononi, akazungumza naye pale dirishani, wote wawili wima. Shangazi alitegemea kumsikia kaka yake akifoka. Hakufoka. Akitazama nje, alisema Mbeba Kiti amechoka, wamkalishe, ila michoro ya katikati aichore binti yake na si mtu mwingine. Habari ya kuanguka mwongozaji hakuitaja, kwa aibu.

Basi Katikati akaanza. Siku ya kwanza alichora mikono ikikishusha kiti kutoka kichwani. Ilikuwa kazi nyepesi, akarudi nyumbani mapema. Alimkuta Shangazi anaokota vipande vya kikombe. Mikono ya Mzee ilikuwa imeshuka ubavuni na haikupanda tena kupita kifua. Daktari aliitwa, akaibonyeza, akasema ni uzee.

Siku ya pili aliyakunja magoti ya Mbeba Kiti. Goti la kushoto lilimsumbua, kila alipopekua karatasi lilitetemeka, ingawa mistari ilikuwa imenyooka. Alirudi nyumbani akamkuta baba yake dirishani, magoti yamekunjika, la kushoto linatetemeka. Hakuweza kuyanyoosha. Walijaribu kumlaza kitandani, mmoja huku na mwingine kule. Alikuwa mwepesi kama karatasi, lakini hakushuka. Walimsukuma kwa mabega, na mwili wake ukabaki vilevile juu ya godoro bila kuligusa, umekunjika nusu, kama mtu anayetaka kukaa ambaye ameitwa jina. Wakamrudisha dirishani. Shangazi alitoka nje, akaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Asubuhi Katikati alikwenda kazini mapema, akauchukua mchoro wa mwisho aliouchora, akaufuta mpaka kifutio kikaisha. Mstari uliofutwa hauondoki, kila mchoraji anajua hilo. Unabaki kwenye karatasi kama kovu, na ukiinua karatasi kwenye mwanga unauona. Jioni Shangazi alimwambia kwamba asubuhi ile Mzee alilia kwa maumivu. Magoti yalikuwa bado yamekunjika. Ila juu ya ngozi sasa palikuwa na mistari myeupe, myembamba, isiyokuwepo jana, na macho yake yalikuwa yamefifia, kana kwamba mtu ameyapitishia kidole.

Hapo alielewa, akaogopa, akafanya ambalo mtoto yeyote mwenye mapenzi angelifanya: aliacha. Alizifungia karatasi kwenye droo. Alijiambia kwamba asipoendelea, baba hataendelea. Akikaa ndiyo basi tena, na yeye hakuwa tayari kubaki bila baba. Kwa mwongozaji alitoa udhuru wa homa.

Na kweli Mzee hakuendelea. Hakulala wala hakuamka. Chakula kilikaa mdomoni bila kujua njia. Aliongea, lakini sauti ilifika kana kwamba inatoka chumba cha pili, na chumba cha pili kilikuwa stoo ya makaa. Shangazi, mwanamke asiyeogopa hata polisi, alianza kukataa kubaki naye peke yake, kwa kuwa alisema akimtazama kwa pembeni ya jicho humwona yupo, na akimgeukia hukuta kwanza dirisha, ndipo baadaye kaka yake.

Asubuhi moja Katikati alikuwa akimfuta uso. Mzee alimshika mkono kwa shida.

"Mama," alisema, maana ndivyo alivyomwita binti yake tangu utoto, "umeniacha wapi?"

"Uko nyumbani, Baba."

"Hapa nilipo hapana sakafu."

Akamtazama kwa yale macho yaliyofifia, hana lawama, kama mtu aliyepotea anayeuliza njia kwa adabu. Katikati alitoka bila kunywa chai.

Njiani alifikiri kama fundi, kwa sababu kufikiri kama mtoto kulishamshinda. Mwanzo haukuwa wake, na mwisho haukuwa wake. Mtu wa katikati ana mamlaka ya kitu kimoja tu, nacho ni upesi. Ukiweka michoro michache kati ya kusimama na kukaa, mtu anadondoka kama gunia. Ukiweka mingi, anashuka taratibu. Ukiweka mingi sana, anashuka kama vumbi ndani ya nyumba iliyofungwa, huwezi kusema lini lilifika mezani.

Alimwambia mwongozaji mambo mawili. La kwanza, Mbeba Kiti akikaa haanguki. La pili, atakaa polepole, kwa michoro mingi kuliko alivyowahi kuchorewa mtu yeyote. Mwongozaji alisema tukio kama hilo litamaliza kipindi kizima na watazamaji watasinzia. Naye akajibu kwamba si lazima awe mbele. Wamweke pembeni, kule nyuma ya kochi, karibu na pazia. Familia igombane kama kawaida, na yeye kila wiki awe ameshuka kidogo tu. Iwe salamu isiyokatika.

Mwongozaji alianza kucheka. Kisha alimtazama usoni, kicheko kikaisha. "Dada Katikati," alisema, "Mzee hajambo?"

"Anakungoja ukubali."

Akakubali, na michoro ya kuanguka haikuchorwa kamwe.

Ndivyo ilivyoanza salamu ile ambayo huenda nawe uliitafuta. Watoto shuleni walibishana kama ameshuka au hajashuka. Walikuwepo waliobandika rula kwenye kioo cha runinga. Baba mmoja aliandika gazetini kwamba kipindi kimewaharibia ndoa, mkewe hatazami tena familia wala hamsikii anapomsemesha, anatazama kona. Na walikuwepo walioleta malalamiko ya ajabu kidogo: kwamba Mbeba Kiti huwatazama. Wachoraji walishangaa, kwani hana uso, kofia imemfunika hadi kidevuni, na Katikati hakuwahi kumchorea jicho. Mtia rangi pale kazini aliomba kona ile apewe mwenzake. Alisema ukuta nyuma ya kijitu kile, akishaupaka, hukaa kama umelowa.

Nyumbani Mzee alianza kushuka. Wiki hadi wiki, kiasi ambacho jicho halikioni. Utulivu ukamrudia usoni, macho yakapata rangi. Alikula. Walimwekea chini yake kiti cha jikoni, na akaning'inia juu yake, magoti mbele, ametazama nje. Majirani waliopita dirishani walimsalimia wakidhani amekaa. Shangazi, ujasiri ulipomrejea, alianza tabia ya kupitisha kitambaa kati ya kaka yake na kiti, kwenda na kurudi, kama anayefuta vumbi. "Bado hujafika," alimwambia. "Hata kukaa unataka kubembelezwa?" Mzee akacheka.

Katika kushuka huko alizungumza kuliko miaka yote. Siku moja alisimulia utoto wake. Wazazi wake walihamahama, kodi ya kila chumba iliwashinda. Kila walipohama, wakubwa walibeba vizito, yeye akabebeshwa kiti, kwa kuwa kilikuwa chepesi, mguu mmoja umefungwa waya. "Nimekibeba miji yote hiyo," alisema. "Sikumbuki kukikalia. Tukifika, alikikalia baba, amechoka." Alisema alipokuwa mkubwa alijaribu kukaa kwenye viti vya watu, lakini kila mara alihisi kuna mtu nyuma yake amesimama na mzigo, anangoja.

Basi miaka ikaenda. Nywele za Katikati ziliingia mvi. Alikuwa amefundishwa, na Mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha, kwamba kati ya mistari miwili daima kuna nafasi ya mstari wa tatu. Aliishi kwa neno hilo. Kila nafasi ilipobana, aliigawa, na nusu yake akaigawa tena. Alitumia penseli ngumu kuliko zote, akaichonga mpaka ncha yake ikawa inachoma. Nyumbani kitambaa kiliacha kupita, wakatumia karatasi. Alileta karatasi yake ya kazini, akaipitisha chini ya baba yake kila mchana wa Jumapili, nayo ikapita bila kugusa huku wala kule. Kila ilipopita alishukuru.

Lakini penseli ina unene. Hilo hakulikumbuka, au hakutaka kulikumbuka. Siku ilifika aliweka karatasi juu ya kioo, akawasha taa, akatafuta nafasi kati ya mchoro wake na mwisho ule wa mwongozaji. Aliinama mpaka pua ikagusa karatasi. Mistari ilikuwa imegusana. Palikuwa na mstari mmoja.

Alikusanya michoro yote tangu wa kwanza, na ule mwisho pia, akaitia kwenye boksi, akaibeba nyumbani saa za mchana. Alichukua karatasi tupu, akainama, akaipitisha. Ilikwama.

"Nasikia ubao," alisema Mzee.

Katikati alikaa chini sakafuni, boksi mapajani, akalia. Alimwambia kwamba anaweza kuacha hapohapo. Kwamba wanaweza kukaa hivi, hata miaka, hakuna atakayejua.

Mzee aliweka mkono kichwani kwake. Mkono huo ulikuwa haujapanda wala kunyooka hivyo tangu siku ya kikombe. "Umenipa mahali pazuri, mama," alisema. "Umenipa muda wa kuzungumza. Lakini katikati si mahali pa kuhamia. Nitue."

Hapakuwa na cha kuchora. Mwisho ulikuwepo tangu siku ya kwanza, ulichorwa na mkono mwingine. Kilichobaki ni kuuweka chini ya fungu. Akauweka. Shangazi alikuja, akasimama mlangoni na taulo begani. Katikati akazishika karatasi mbele ya macho ya baba yake, fungu kwa fungu, maana zilikuwa nyingi mno kwa mkono mmoja, akapekua. Kijitu kikakitua kiti. Kikakunja magoti, kikaanza kushuka. Kilishuka muda wote ambao jua lilihama kutoka ukutani hadi kwenye zulia, na Mzee alitazama kama mtoto anavyotazama kwa watu, amening'inia dirishani. Karatasi ya mwisho ikadondoka. Wote watatu wakasikia mbao zikipokea uzito.

Mzee alishusha pumzi. Alijisogeza kidogo, akaegemea.

"Kumbe ndivyo kulivyo," alisema.

Aliomba chai, akainywa yote. Jua lilipotoka kwenye zulia, naye alikuwa ameondoka, mikono magotini, mgongo umetulia. Walipomwinua kumlaza, Shangazi alikitazama kiti, akamwita Katikati kwa jina lake halisi, safari hii bila hasira. Kiti cha jikoni kilikuwa na miguu minne mizima. Hiki mguu mmoja ulikuwa umefungwa waya, na waya ulikuwa na kutu ya zamani.

Kipindi kilirushwa wiki ile ya msiba, na mwongozaji alikuwa ameuchukua mchoro wa mwisho pale nyumbani, akaupeleka kwa mkono wake. Nyumba ilijaa ndugu, runinga imewashwa bila sauti kwa ajili ya watoto. Familia ya sebuleni iligombana. Nyuma, karibu na pazia, palikuwa na kiti kitupu kimegeukia watazamaji, na juu yake hapakuwa na mtu. Mtoto mmoja akasema, "Ameshuka." Wakubwa wakamnyamazisha.

Mwongozaji alipiga simu, akaapa kwamba karatasini kijitu kipo, anakiona hapo mbele yake. Katikati alimwambia akiache kiti kama kilivyo.

Kipo mpaka leo. Ukikitazama kipindi hicho, utaona familia imebanana kwenye kochi, bibi amekaa kwenye mkono wa kochi, watoto sakafuni, na kiti kile pembeni hakikaliwi. Hakuna sheria iliyoandikwa, ila kila mchoraji mpya akijaribu kumkalisha mtu pale, mkono hukataa. Na vipindi vipya vya watu wengine, wasiomjua Mzee wala waya wake, sasa huweka kiti kitupu nyuma ya watu, kama salamu. Wanadhani wanakisalimu kipindi.

Katikati bado anachora. Nyumbani wamebaki wawili, yeye na Shangazi aliyezeeka sana. Juzi Shangazi alimwona ameegemea dirisha, sahani mkononi, anakula wima, akatambua kwamba ni muda mrefu hajamwona akikaa. Viti vipo vingi, waombolezaji waliacha vingine.

"Na wewe?" akamwuliza. "Vimekwisha?"

Katikati alitafuna, akameza, akaendelea kutazama nje. "Sijachoka bado," alisema.